Kuchemka si Kuchemsha



Katika Kiswahili cha mitaani, hapa Shinyanga kama kwingineko nchini, kitenzi "kuchemsha" kimekwisha kuhama jikoni. Mwanafunzi aliyefeli mtihani amechemsha. Mshambuliaji aliyepaisha mpira mbele ya goli tupu amechemsha. Mgombea aliyeangushwa na wapiga kura naye amechemsha. Kinyume chake ni "poa". Anayeulizwa hali hujibu poa, na kitu kizuri ni kitu poa. Hivyo lugha yetu ya kila siku imekwisha kutoa hukumu kabla ya kesi kusikilizwa: moto ni kushindwa, ubaridi ni uzima. Sina ugomvi na misimu; mingi ya jana ndiyo msamiati wa leo. Ninachotaka kueleza ni jinsi hukumu hiyo ilivyotuzuia watu watatu, yaani mimi, fundi wa kompyuta na mjukuu wangu, kuelewa tarakimu chache zilizokuwa zikituangalia kwenye kioo cha mashine.

Mashine yenyewe ni kompyuta ya mtumba, yenye prosesa ya Intel Core i5-8250U, toleo la mwaka 2017. Kazi niliyoipa ni moja. Ninazo kanda 46 za kaseti nilizorekodi kati ya 1984 na 1996, wanafunzi wangu wakighani mashairi waliyoyatunga wenyewe na kushindana kwa ngonjera, utanzu ule ambao Mathias Mnyampala aliusambaza shuleni na vijijini. Baadhi ya wenye sauti hizo hawapo tena duniani. Na kanda hazidumu. Unga wa sumaku hubanduka kidogo kila utepe unapopita kwenye kichwa cha redio, na ninazo kanda tatu ambazo sithubutu kuzicheza zaidi ya mara moja. Kwa hiyo redio kaseti huunganishwa kwa waya na kompyuta, sauti ikarekodiwa. Na wakati huohuo programu nyingine husafisha upande uliorekodiwa jana, ikitenganisha sauti ya binadamu na mvumo wa utepe. Kazi hii ya pili ni hesabu tupu, mamilioni kwa mamilioni, na huishughulisha prosesa bila kuipa nafasi ya kupumua.

Mwezi Septemba nilikuwa nikisikiliza rekodi mojawapo nikakuta mshororo wenye kasoro. Ukwapi ulikuwa na mizani 7. Kijana aliyeutunga namkumbuka vizuri. Alikuwa na makosa yake, lakini kupungukiwa mizani hakukuwa mojawapo. Neno alilolighani lilisikika "atakawasili". Nikairudisha kanda kwenye redio: "atakapowasili", silabi zote saba, safi kabisa. Nikapitia rekodi nyingine za wiki hiyo, kalamu mkononi, nikihesabu kama nilivyokuwa nikisahihisha madaftari. Niliokota mapengo 11, mengine mafupi kuliko kufumba na kufumbua jicho, na yote yalikuwa katika rekodi za baada ya saa saba mchana. Za asubuhi zilikuwa kamili.

Mtunzi hakukosea, na kanda haikukosea. Mashine ilikuwa ikimeza silabi.

Nikaipeleka mjini kwa kijana mmoja anayetengeneza kompyuta. Alinipa shikamoo yangu, akaiwasha, akaweka kiganja chini yake, akatikisa kichwa. "Mwalimu, prosesa imechoka hii. Inachemsha. Tafuta mashine nyingine tu, kwa laki nane utapata nzuri." Laki nane kwa mstaafu si jambo la "tu", lakini lililonikera zaidi ni neno "imechoka". Punda huchoka. Prosesa ni kipande cha silikoni chenye upana wa ukucha wa kidole gumba; kwa kawaida ama kinafanya kazi ama hakifanyi, na uchovu wa kuja mchana na kuondoka asubuhi si ugonjwa wa silikoni. Nikamwomba anionyeshe kipimo badala ya kivumishi. Nimpe haki yake: hakuona haya wala hakukasirika. Alikuwa na programu iitwayo HWiNFO, akaifungua, tukakaa mbele ya safu ndefu ya tarakimu.

Kabla ya tarakimu, majina. Vita vya tarakilishi na kompyuta tumevipigana vya kutosha, na mtumiaji amekwisha kuchagua kompyuta. Wanaotaka prosesa iitwe kichakataji wana hoja nzuri: tunachakata samaki, tunachakata mkonge, na wenzetu wa Geita wanachakata mbale ya dhahabu, basi kuchakata taarifa ni mwendelezo wa ukoo uleule. Hapa nitasema prosesa kwa kuwa ndivyo fundi alivyosema. Ila jina "mpakato", na ndugu yake "kipakatalishi" wa Kenya, nina neno nalo. Kupakata ni kumweka mtoto mapajani. Ni picha nzuri, yenye huruma, nayo inaelekeza vibaya. Kompyuta nyingi za aina hii huvuta hewa kwa tumboni. Ukiipakata juu ya kanga, au ukiilaza juu ya godoro kama afanyavyo mjukuu wangu, umeiziba pua. Mtoto hupakatwa, mashine hii inataka meza ngumu.

Sasa tarakimu. Windows yenyewe, katika dirisha lake la kuonyesha kazi zinazoendelea, hutoa kasi ya prosesa lakini haitoi halijoto yake, ndiyo maana inahitajika programu ya pembeni. (Anayetumia Linux anaweza kukutana na namba kama 67000 akadhani nyumba inaungua, mfumo huo huandika sehemu za elfu za digrii, kwa hiyo hiyo ni 67 tu.) Prosesa yangu ina viini vinne, na kila kiini kina kihisi chake ndani ya silikoni yenyewe. Tulipoiwasha ile programu ya kusafisha sauti, vihisi vilipanda kutoka 58 hadi 98 katika muda wa kupiga chafya. Fundi akasema, "Unaona, Mwalimu?"

Nilichokiona kwanza ni jiografia. Shinyanga iko takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo maji huchemka yapata nyuzi 96 za Selsiasi, si 100. Basi prosesa yangu ilikuwa na moto kuliko maji ya chai ya Shinyanga yanapotokota. Kwa masikio ya Mswahili hiyo ndiyo tafsiri kamili ya kuchemsha. Lakini ndani ya prosesa hamna maji. Silikoni huyeyuka kwenye nyuzi 1,414. Namba 100 ambayo watengenezaji waliiweka kuwa kikomo cha prosesa hii haina undugu wowote na namba 100 ya sufuria. Ni mpaka waliouchagua kwa sababu kadiri silikoni inavyopata moto ndivyo umeme unavyozidi kuvuja ndani yake, na ndivyo umri wake unavyofupika. Namba mbili zimefanana sura, nasi tukadhani zimezaliwa tumbo moja.

Tena kihisi chenyewe hakihesabu kutoka sifuri kwenda juu kama kipimajoto cha maabara. Katika prosesa za Intel kinahesabu umbali uliobaki kabla ya kugusa dari. Kinachosemwa na silikoni ni "zimebaki mbili", na programu ndiyo inayofanya hesabu ya kutoa na kutuandikia 98. Ndiyo maana vihisi hivi ni vya kutegemewa karibu na dari, na usahihi wake hupungua mashine ikiwa baridi. Napenda habari hiyo kuliko ninavyoweza kueleza. Ni kama mtu anayeteremka kwenye duara la dhahabu kule Nyarugusu akiwa na kamba: hana haja ya kujua yuko mita ngapi chini, ana haja ya kujua kamba iliyobaki ni kiasi gani.

Kwenye safu ileile mlikuwa na tarakimu nyingine mbili ambazo fundi hakuzijali, nami nikazing'ang'ania kwa ukaidi wa mtu aliyesahihisha mitihani miaka mingi. Ya kwanza ni mapigo. Prosesa hufanya kazi kwa mapigo, kama ngoma, na mapigo bilioni moja kwa sekunde huitwa gigahezi moja. Hii yangu imeandikiwa mwendo wa msingi wa gigahezi 1.6, na inaruhusiwa kukimbia hadi 3.4 kwa muda mfupi. Pale mezani ilikuwa inasoma 1.3, chini ya mwendo wake wa msingi. Ya pili ni wati, yaani nguvu ya umeme inayoliwa na prosesa kwa wakati ule. Imesanifiwa kwa wati 15. Ilikuwa inakula 8.

Hapo ndipo kesi ilipogeuka. Mashine iliyochoka, au iliyochemsha, tungetarajia ile umeme mwingi na kutoa kazi kidogo. Hii ilikuwa inakula nusu ya posho yake. Ilikuwa inajinyima. Prosesa ilikuwa imegundua kwamba kila wati inayokula inaipandisha karibu na dari, na kwamba moto haupati njia ya kutoka, ikaamua kupunguza mapigo mpaka ikapata kiasi ambacho inaweza kukivumilia bila kuvuka 100. Nilipiga hesabu kwenye bahasha. Chumba kilikuwa na nyuzi 33. Kutoka 33 hadi 98 ni nyuzi 65. Gawa kwa wati 8. Kila wati moja ilikuwa ikiipandisha prosesa nyuzi 8 na ushei juu ya chumba. Kwa hali hiyo, kama ingekula wati zake zote 15 ingehitaji kufika zaidi ya nyuzi 150, mahali ambapo haikubaliwi kwenda. Ikakaa na 8. Na kwa mapigo hayo haikuweza tena kusafisha sauti ya jana na kupokea sauti ya leo kwa pamoja, ikadondosha silabi.

Ubaya ulikuwa kwenye njia ya kutokea, wala haukuwa ndani ya prosesa.

Kuna jambo moja katika kujinyima huku ambalo mwalimu wa fizikia angelifurahia. Nguvu inayoliwa hutegemea mapigo, na hutegemea pia mkazo wa umeme, tena mkazo uliozidishwa kwa wenyewe. Prosesa inapopunguza mapigo inaweza kupunguza na mkazo. Shusha vyote viwili hadi asilimia 80, na nguvu inashuka hadi asilimia 51 hivi. Unapoteza moja ya tano ya mwendo, unaokoa karibu nusu ya moto. Sijui biashara nyingine hapa mjini yenye faida ya namna hiyo.

Sasa, si kila kupungua kwa mapigo kunatokana na moto, na hapa nadhani watu wengi hudanganyika hata wakiwa na programu mbele yao. Chukua basi lililofungwa kidhibiti mwendo, lisipite kilomita 80 kwa saa. Basi likifika 80 halina ugonjwa wowote, injini yake ni salama, rejeta haijachemka. Limefika tu mahali lilipoamriwa kuishia. Prosesa nayo ina amri kama hiyo, inayopimwa kwa wati. Huruhusiwa kula zaidi kwa sekunde chache, kwenye mashine yangu kama 28, kisha hurudishwa kwenye wati 15 na mapigo yake hushuka, hata kama chumba kina ubaridi wa Njombe. Mwenye mashine huona kasi imeanguka kutoka 3.4 hadi 2.4, akapiga kelele kwamba inachemsha. Haichemshi. Atazame wati: zikiwa zimefika kikomo chake na halijoto iko mbali na dari, huyo ni kidhibiti mwendo. Halijoto ikiwa imegota darini huku wati zikiwa chini ya posho, huo ndio moto.

Kwa hali hii ya pili mfano wa basi haufai tena. Mfano wake nimeuona kwenye mashine za kusaga nafaka za dizeli, zile zenye pipa la maji pembeni. Injini ile ina gavana, kifaa cha ukoo wa kile ambacho James Watt alikifunga kwenye injini ya mvuke mwaka 1788, na kazi ya gavana ni kulinda mzunguko usibadilike. Ukimimina mahindi mengi, injini ikielemewa, gavana huongeza mafuta. Haijui habari za moto; itaendelea kuongeza mafuta hadi maji ya pipa yatokote. Anayejua moto ni yule kijana mwenye vumbi la unga kwenye kope. Anasikia sauti ya injini imekuwa nzito, anaona mvuke kwenye pipa, anabana mdomo wa kinu nafaka ishuke kidogokidogo. Watu kwenye foleni wananung'unika. Yeye hajali, kwa sababu injini ikikwama leo hakuna atakayesaga kesho. Prosesa ya kisasa ina gavana, na ina kijana huyo pia, wote wamo ndani ya ukucha mmoja.

Waingereza wamelipa tendo hilo jina lenye asili ya koo. Kwao ni kukaba, ni kumbana mtu pumzi. Jina hilo lilikuja kutoka kwenye vali inayobana njia ya mvuke au ya mafuta kwenye injini, kwa hiyo lina mantiki yake, lakini masikioni mwangu linasikika kama ukatili unaotoka nje. Nani anamkaba nani? Sisi tuseme nini? "Kupunguza kasi" ni sahihi na halina ladha. Dereva anayekaribia tuta naye anapunguza kasi. "Kudhibiti mwendo" nimekwisha kueleza kwa nini ni jambo jingine. "Kujizuia" linakaribia. Mimi nimekuwa nikiandika "kujihini" kwenye daftari langu la kanda. Kuhini ni kumnyima mtu kilicho haki yake, na wazee walisema mhini na mhiniwa njia yao ni moja. Ndani ya prosesa njia haiwezi kuwa zaidi ya moja, maana mhini ndiye mhiniwa. Najua neno hilo lina harufu ya ubahili na wengine watalikataa kwa sababu hiyo. Walikatae, ila walete jingine lenye ile "-ji-" ndani yake, kwa sababu ile silabi moja ndiyo inayobeba ukweli wa jambo lenyewe.

Na kama tutalitumia, tuseme kujihini kwa halijoto, si kwa joto. Najua hapa wapo watakaoniona mchokozi. Joto na halijoto tunayachanganya kila siku bila madhara. Mtangazaji akisema joto la Dodoma ni nyuzi 30 tunamwelewa. Darasani tulijitahidi kuyatenga. Joto ni ile nishati inayohama kutoka kwenye kitu cha moto kwenda kwenye kitu cha baridi. Halijoto ni hali ya kitu: kina moto wa kiwango gani. Njiti ya kiberiti ina halijoto ya kutisha, lakini joto lake halitoshi kuchemsha hata kikombe cha maji. Pipa la maji ya vuguvugu lina joto tele na halijoto ya chini. Wanafunzi walikuwa wakiandika tofauti hiyo kwenye madaftari, wakaipasi kwenye mtihani, wakaiacha hukohuko. Sikuwa nimepata mfano wa nyumbani wa kuwaonyesha kwa nini inafaa kitu.

Fundi aliifungua mashine. Njia ya moto ndani yake ni fupi na ya werevu: juu ya prosesa kuna uji mzito wa kijivu ambao mafundi huuita pesti, juu ya pesti kuna bamba la shaba, na kwenye bamba kumelazwa bomba la shaba lenye maji kidogo ndani, likiwa limeondolewa hewa. Upande wa prosesa maji hayo hugeuka mvuke, mvuke hukimbilia upande wa pili, hupoa, hurudi kuwa maji, huanza upya. Kumbe ndani ya mashine kuna kuchemka kwa kweli, kunakofanywa makusudi, na bila huko hakuna kupoa. Mwisho wa bomba kuna vipande vyembamba vya chuma vilivyopangwa kama meno ya chanuo, na feni huvuma katikati yake.

Meno yale hayakuonekana. Palikuwa na zulia. Shinyanga kuanzia Juni hadi Oktoba ni vumbi, na nyumba yangu haiko mbali na kiwanda cha kuchambua pamba. Vumbi na nyuzi za pamba vilikuwa vimesukwa pamoja vikawa kitambaa cha kijivu ambacho fundi alikitoa kizima kwa koleo ndogo, akakiweka kiganjani akakitazama. Pesti nayo ilikuwa imekauka ikawa magamba. Akasafisha, akapaka mpya, akafunga. Hapo tena kumbuka ule mwinuko: hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya kumi, kwa hiyo feni ikizunguka kwa kasi ileile hubeba joto pungufu kidogo. Mashine ya bara ina sababu ya ziada ya kutozibwa pua. Gharama yote ilikuwa shilingi 25,000, na ile laki nane haikutajwa tena na upande wowote.

Nyumbani niliiwasha kazi ileile, mchana uleule wa nyuzi 33. Halijoto ilisimama kwenye 76. Mapigo 2.4. Wati 15 kamili. Upande mmoja wa kanda uliokuwa ukisafishwa kwa dakika 70 ulimalizika kwa dakika 38. Kisha mjukuu wangu, aliyekuwa amesimama ubavuni mwa meza, akaweka mkono kwenye tundu la kutolea hewa, akauondoa haraka. "Babu, bado inachemsha. Tena sasa imezidi!"

Alikuwa amesema kweli, na kioo nacho kilikuwa kinasema kweli. Hewa inayotoka ilikuwa ya moto kuliko ya wiki iliyopita, na prosesa ilikuwa imepoa kwa nyuzi 22. Hakuna namna ya kuyapatanisha hayo kwa neno moja. Kwa maneno mawili yanapatana mara moja. Zamani prosesa ilikuwa na halijoto kubwa na joto dogo: wati 8 zilizofungiwa ndani zikifukuta. Sasa ina halijoto ndogo na joto kubwa: wati 15 zinazotoka nje huru, na mkono wa mtoto ndio uliozipokea. Gawa tena: 76 toa 33 ni 43, kwa wati 15, ni nyuzi 3 hivi kwa kila wati, badala ya 8. Nilimkalisha chini nikamweleza kwa njiti ya kiberiti na ndoo ya maji ya kuoga. Alisikiliza vizuri kwa mtoto wa darasa la sita. Kisha akaniuliza kwa nini basi watu husema "poa" kwa kitu kizuri ilhali mashine nzuri ndiyo inayotoa moto, na nikamwambia akamuulize huyo aliyemfundisha kusema poa.

Lakini swali lake limebaki nami, kwa sababu "fukuto" ni neno ambalo washairi wetu tunalo na hatulitumii ipasavyo. Tunaliweka kwenye mapenzi na kwenye siku za kabla ya mvua. Fukuto si moto mkali. Fukuto ni moto usio na pa kutokea, na mtu anaweza kufukutwa kwa joto dogo kabisa, wati 8 tu, kama mlango umezibwa. Nimesoma beti nyingi zinazosema "moto" pale ambapo mtunzi alikusudia fukuto, na mshororo ukapoteza nguvu kwa sababu msomaji akatazamia mwali.

Kanda sita zilizokuwa na mapengo nimezirekodi upya, na "atakapowasili" ina silabi zake saba. Zile tatu dhaifu sijazigusa. Nimeona kwamba saa kumi na moja alfajiri chumba huwa na nyuzi 23, na kazi ileile husoma 66: tofauti ya nyuzi kumi za chumba huja yote, moja kwa moja, hadi kwenye prosesa. Kwa hiyo zitachezwa alfajiri, kila moja mara moja, programu ya kusafisha ikiwa imefungwa kabisa na mashine ikiwa haina kazi nyingine yoyote isipokuwa kusikiliza. Moja kati yake ina ngonjera ya wasichana wawili, dakika 14, na nimeambiwa mmoja wao yuko Geita, ana wajukuu, na angependa kuisikia.